PABX ya ofisi (mashine ya kugawa laini za simu) imepigwa na radi mara ya tatu, UPS na kompyuta zote nzima. Inaingilia wapi?

#1 Kamachumu Boy
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua haya mambo, mimi si fundi, mimi mhasibu tu, ila ofisini kwetu ukishajua kuunganisha printa basi kila chenye waya ni chako.

Ofisi iko Bukoba, juu kidogo ya mji, nyumba ya zamani ya bati, vyumba saba, na kibanda cha mlinzi getini kama mita 70 hivi. Tuna PABX ya Panasonic TES824, laini tatu za nje na ekstensheni nane. Mara ya kwanza zilikufa laini mbili za nje. Mara ya pili ikaenda pawa saplai pamoja na ekstensheni ya mlinzi. Sasa Alhamisi iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mvua yetu ile mnayoijua, ikapiga moja tu ya nguvu. Mlinzi anasema simu ya kibandani ililia ting mara moja ikanyamaza. Asubuhi tunafika, ekstensheni nne kati ya nane hazina toni, faksi kimya, ruta inawaka taa lakini pot inayopokea laini ya intaneti imekufa.

Sasa kinachonichanganya, UPS nzima, kompyuta zote tano nzima, TV ya mapokezi nzima, hata breka haikushuka. Fundi wa kwanza kasema radi imeingia kwa umeme, wa pili kasema imeingia kwa laini ya simu, wa tatu kataka kwanza hela ya nauli. Bosi kasema nikimpelekea tena makadirio ya PABX mpya atakata kwenye mshahara wangu na sidhani kama anatania.

Inaingilia wapi na naizuiaje?

#2 Nyakahanga
Kwanza mlinzi mzima? Maana hapo umeorodhesha mpaka TV.

#3 Kamachumu Boy
Mzima mkuu, hakuwa ameshika simu. Ila sasa hata simu ya mkononi hagusi mvua ikinyesha, anasema amepewa onyo.

#4 Fundi Volti
Hiyo si radi. Watu kila kitu kikiungua na mvua ilinyesha basi radi. Mimi nimefunga umeme miaka mingi, mvua na upepo vikija nyutro inalegea kwenye nguzo au inakatika kabisa, nyumba ya fezi tatu inaanza kugawana volti ovyo, upande mmoja unapata 150 mwingine unapata karibu 400. Hapo vitu vidogo vyenye adapta dhaifu ndio vinaondoka. Weka stabilaiza inayokata umeme ukizidi, kazi imeisha.

#5 Nyakahanga
Fundi Volti, nyutro ikikatika si TV ingetangulia? Na kwanini pawa saplai ya PABX safari hii haijaungua, zimeungua ekstensheni?

#6 Fundi Volti
TV za siku hizi zinavumilia kuanzia volti 100 mpaka 240, adapta ya ruta ya bei rahisi haivumilii.

#7 Kamachumu Boy
Adapta ya ruta nzima mkuu, nimesema pot ya laini ndio imekufa. Na umeme wetu ni wa fezi moja.

#8 Fundi Volti
Fezi moja ndani kwenu. Transfoma ya mtaa ni fezi tatu kijana.

#9 Mzee wa Krone
Vijana shikamooni wenyewe kwa wenyewe, mimi nimestaafu. Nimekaa kwenye nyaya za simu miaka 28, nimeunganisha pea (nyaya mbili mbili za kila laini) nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani.

Mleta uzi, hiyo ting ya mlinzi ndio ushahidi wako wote. Simu ya mezani ya waya inakaa na volti 48 za DC, na kengele ikilia inapelekewa kama volti 75 mpaka 90 za kupishana. Zamani tukiwa na simu za kengele ya chuma tulikuwa tunasikia ting radi ikipiga hata mbali, mama zetu wanasema "radi imepiga simu". Maana yake waya umeokota. Radi haina haja ya kupiga nyumba yako, ikipiga mti mita mia mbili kutoka hapo, waya wowote mrefu ulio karibu unapata volti zake bila kuguswa, na waya wa mita 70 kwenda getini ni mrefu wa kutosha. Nao unapita wapi, nguzoni au chini?

Kwenye vituo vya simu kila pea inayoingia kutoka nje ilikuwa inapita MDF, ile fremu kubwa ya kuunganishia nyaya, na pale kuna kitungi kidogo cha kauri chenye gesi, sisi tulikiita gesi tyubu. Siku zote kimelala, hakipitishi kitu, volti zikizidi kama 230 gesi inawaka na kumwaga zote kwenye ethi, yaani ardhini, zikishuka kinalala tena. Kwa mteja pia kulitakiwa kuwe nazo pale waya unapoingia nyumbani. Nenda kafungue kile kisanduku cha ukutani uniambie unaona nini. Kama ni moduli za Krone, vile vibao vya kubania nyaya za pea kumi, kuna magazini ya protekta (vikinga vyenye gesi tyubu) inachomekwa juu yake. Na uangalie kama kuna waya wa kijani na njano na unaishia wapi. Hapo unaishia wapi ndio pamoto.

#10 Kiberiti
Mimi nataka kujua tu, kwenye hiyo ofisi kuna mtu amefukuzwa kazi miezi ya karibuni? Mara tatu nyumba ileile, kitu kilekile, kompyuta hazijaguswa. Radi yenye akili hivyo si ya mawinguni. Hiyo imenunuliwa kwa mganga Sumbawanga na risiti ipo.

#11 Mjukuu wa Ufipa
Nilijua tu, nimefungua uzi nikaanza kuhesabu, post ya kumi wamefika Sumbawanga. Sisi kwetu kuna mahindi, maharage na ziwa Rukwa, njooni mnunue. Radi mnayo wenyewe huko ziwani kwenu.

#12 Kiberiti
Mkuu samahani, ila ukirudi likizo niulizie bei.

#13 Omogusii
Niaje wasee. Niko Kisii na hapa radi si mchezo, yetu inakuja mchana saa tisa saa kumi na mvua ya mawe juu, nashangaa nyinyi yenu inakuja alfajiri.

Sasa kuhusu hio PABX, sisi tulichoka tukatupa. Tukaweka simu za IP, zile za kupitia netiwaki, na faiba, tukajua tumemaliza hio stori. Miezi mitatu tu, radi ikapiga mahali huko chini, swichi ya POE, ile inayogawa netiwaki na umeme kwa waya mmoja, ikaenda yote na simu sita. Unajua iliingia wapi? Kamera ya geti. Tulikuwa tumevuta keboo ya netiwaki ya kopa kutoka ofisi mpaka geti, juu ya ukuta. Kwa hivyo mtu asikudanganye ati IP ni dawa. Ukiwa na waya wa chuma unatoka nje ya nyumba, mlango uko wazi tu.

#14 Nyakahanga
@Omogusii hiyo tofauti ya saa inaeleweka, usiku upepo wa nchi kavu unakutana juu ya Ziwa Victoria, mawingu yanajengeka huko halafu yanasukumwa magharibi, sisi Bukoba tunaamshwa nayo. Nyinyi wa mashariki mnapata yenu mchana ardhi ikishapata joto. Ndio maana Ziwa Victoria linaongoza dunia nzima kwa radi.

#15 Mwana Kivu
Jambo bandugu. Apana, si Victoria. Ni kwetu. Kifuka iko mu Kivu, bazungu ba NASA balisemaka ni yenyewe ya kwanza mu dunia, mara 158 kwa kilometa moja ya mraba kila mwaka. Miye niko Bukavu, mvua ikitaka kunya tunachomolaka bintu yote.

#16 Binti Kipimo
Wote mmekosea kidogo. Kifuka ilikuwa namba moja kwa hesabu za zamani. Hesabu mpya ya setilaiti ya mwaka 2016 imeweka ziwa Maracaibo kule Venezuela juu, kama mara 233 kwa kilometa ya mraba kwa mwaka, halafu Kabare, Kongo, mara 205, na Kabare ni hapohapo jirani na Bukavu. Kwa hiyo Afrika ubingwa bado uko kwa Mwana Kivu.

Turudi kwenye PABX. Mzee wa Krone yuko sawa kwa upande mmoja, ila kuna kitu hajakisema na ndicho kinachojibu kwanini kompyuta zimepona.

Angalieni vilivyokufa: PABX, faksi, ruta. Angalieni vilivyopona: kompyuta, UPS. Vilivyokufa vyote vina miguu miwili, mmoja kwenye umeme mwingine kwenye waya wa simu unaotoka nje. Kompyuta zina mguu mmoja. Mimi kwetu Tanga nawaelezaga hivi: jahazi likiwa majini, maji yakijaa linapanda, na kila kilichomo kinapanda nalo, nahodha, gunia, kuku, hakuna anayeumia. Ila kama umelifunga kwa kamba fupi kwenye nguzo ya gati, maji yakijaa lazima kitu kikatike. Radi ikipiga karibu, ardhi ya pale nyumbani inapanda volti. Radi ya kawaida ina kama ampia 30,000, na ethi yenye ohm 10 ambayo mafundi wanaiita nzuri, zidisha mwenyewe, volti 300,000. Hata ikipata sehemu ndogo tu ya hiyo, nyumba yote imepanda, lakini waya wa simu umefungwa kwenye ardhi ya mbali, na waya wa mlinzi umefungwa kwenye jahazi jingine getini. Kamba ni bodi ya PABX.

#17 Fundi Volti
Binti Kipimo maneno mazuri sana ya jahazi ila TV ya mapokezi ina dishi kwenye bati. Mleta uzi ina dishi au haina? Hiyo nayo ina miguu miwili, mbona imepona?

#18 Kamachumu Boy
Ina dishi.

#19 Fundi Volti
Nakaa kwa kutulia nasubiri jahazi.

#20 Binti Kipimo
Dishi liko juu ya bati la nyumba hiyohiyo. Hilo ni gunia ndani ya jahazi, halijafungwa gatini.

#21 Kiberiti
Na kuku je?

#22 Kamachumu Boy
Wakuu nimeenda kufungua kisanduku leo mchana, jua kali. Majibu ya Mzee wa Krone:

Moduli ni Krone kweli. Protekta hakuna. Waya wa kijani na njano upo, unatoka kwenye fremu, unashuka ukutani vizuri umebanwa kwa klipu, unafika chini karibu na msingi na unaishia hewani. Umekatwa. Nimekwenda kwenye ethi ya umeme nyuma, shimo lina mfuniko wa zege mzuri kabisa, kufunua ndani kuna rodi lakini waya wa shaba haupo, kumebaki kibanio tu. Waya wa mlinzi unapita juu, umefungwa kwenye fensi, halafu kwenye mparachichi, halafu getini, na uliozidi kama mita kumi umezungushwa duara ukatundikwa kwenye msumari.

Kwa hiyo nyumba yote haina ethi na sijui ni tangu lini.

#23 Nyakahanga
Shaba imekwenda kwa kilo kwa wale wa vyuma chakavu. Huku hata waya wa radi wa kanisa ulikwenda, ukabaki ule mshale juu ya mnara unaita radi na njia ya kushuka haipo.

#24 Kiberiti
Mlinzi anakaa hapo usiku kucha. Nasema tu. Halafu simu yake ndiyo inapigwa. Radi haisahau.

#25 Kamachumu Boy
Mwache mzee wa watu, ana mwaka mmoja tu pale.

#26 Mzee wa Krone
Umefanya vizuri kufungua. Sasa chimba ethi mpya, lakini PABX ichimbie ya kwake peke yake, mbali na ile ya umeme angalau mita sita, tunaita ethi safi. Umeme usichafue simu. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tulivyofanya. Halafu rodi ya mita 1.2, ikiwezekana mbili, mkaa na chumvi kuizunguka, unamwagia maji kiangazi.

#27 Binti Kipimo
Mzee wangu shikamoo, hapo kwenye ethi safi naomba nikupinge kwa heshima zote. Hiyo ndiyo inayoua vifaa. Ethi mbili zisizounganishwa ni gati mbili. Radi ikipiga, ya mbele inapanda kivyake ya nyuma inapanda kivyake, na kinachoziunganisha ni bodi. Unaweza kuchimba rodi hata tano lakini zote zifungwe pamoja kwa waya mnene, umeme, simu, dishi, bomba la maji kama la chuma, vyote sehemu moja. Mapendekezo ya ITU, shirika la mawasiliano la dunia, mfululizo wa K na viwango vya kujikinga na radi vya IEC 62305 vyote vinasema hivyo.

Na chumvi jamani. Chumvi inashusha ohm mwaka wa kwanza, mvua za Bukoba zinaisafisha yote na imeshaanza kula rodi. Bora udongo wa bentonaiti ukiupata, au ongeza rodi nyingine, ikae mbali na ya kwanza si chini ya urefu wake mwenyewe.

#28 Mzee wa Krone
Marahaba. Tumefunga vituo kwa ethi safi na vilikaa miaka ishirini.

#29 Binti Kipimo
Vilikaa kwa sababu vilikuwa na gesi tyubu kwenye kila pea na mafundi wa kuzibadilisha mzee. Ethi safi haikuwa na kazi yoyote pale.

#30 Mzee wa Krone
Sawa mwanangu. Ila kwenye mkaa sikubali.

#31 Duka la Uhakika
Protekta orijino zipo, za simu, netiwaki na umeme, njoo inboksi bei poa mzigo unatumwa mikoani.

#32 Omogusii
Hapo sasa. Mimi nilinunua ile eksteni ya soketi sita imeandikwa saji protekta kwa herufi kubwa na taa ya kijani. Ilipokufa nikaifungua. Ndani ni mabati mawili ya kopa na taa. Hakuna varista hata moja, ile ya kumeza volti zikizidi, hakuna chochote. Taa inawaka kukuambia stima iko.

#33 Duka la Uhakika
Zetu si hizo kiongozi.

#34 Nyakahanga
Na hata yenye varista kweli ina mwisho wake. Kila ikipigwa inachakaa kidogo, siku moja unabaki na eksteni ya kawaida bila kujua. Na kama soketi haina ethi kama kwa mleta uzi, nusu ya kazi yake haipo, inamwagia wapi?

#35 Dada Mapokezi
Jamani mimi nakaa mapokezi ofisi nyingine, nauliza kitu kidogo. Mbona msichomoe tu? Mimi nikisikia ngurumo nahesabu kutoka mwanga mpaka sauti, kila sekunde tatu ni kilometa moja, ikifika kama sekunde kumi na tano nachomoa laini na umeme, nasubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndio narudisha. Wateja wanapiga kwenye simu ya mkononi. Sijawahi kuunguza kitu.

#36 Kamachumu Boy
Dada hiyo nzuri ila radi yetu inakuja alfajiri, ofisi imefungwa, funguo anazo bosi.

#37 Kiberiti
Mlinzi achomoe kutokea kibandani.

#38 Binti Kipimo
Hapana, mlinzi asiguse waya wowote wakati radi inapiga, na hata simu ya waya asiipokee. Uchomoe jioni mnapofunga, kila siku msimu wa vuli na masika. Na ukichomoa chomoa pande zote mbili. Watu wanachomoa umeme wanaacha laini ya simu, mguu mmoja bado uko gatini.

#39 Fundi Volti
Narudi. Nimesoma yote na naona mmeamua ni simu. Basi nielezeni ile mara ya pili, pawa saplai ilikufa. Hiyo imeingia kwa umeme, na breka haiwezi kuzuia radi kwa sababu breka inahitaji muda na radi inamaliza kazi kwenye mikrosekunde. Nasisitiza weka kikinga cha radi kwenye mita, kile cha reli kinachokaa ndani ya boksi la breka.

#40 Binti Kipimo
Hapo tunakubaliana, kikinga cha kwenye boksi kiwepo. Ila kifungwe kwa waya mfupi, jumla isizidi nusu mita. Mafundi wengi wanakifunga na waya wa mita mbili unazunguka zunguka ndani ya boksi, wanausokota upendeze. Radi inapopanda kwa kasi ya ampia 1,000 kila mikrosekunde, kila mita ya waya inaongeza kama volti 1,000 juu ya zile kikinga kilizoruhusu. Umenunua kitu kizuri ukakiharibu kwa waya. Na ile mita kumi ya waya wa mlinzi iliyozungushwa kwenye msumari ikatwe.

Ukinunua gesi tyubu za laini chukua za miguu mitatu, zinamwaga nyaya zote mbili kwa pamoja. Ukiweka mbili tofauti moja ikawaka kabla ya mwenzake, tofauti yote inapita kwenye simu yako.

#41 Mzee wa Krone
Hilo la miguu mitatu ni sahihi kabisa. Natia sahihi.

#42 Kamachumu Boy
Na bima je? Tuna bima ya moto ya jengo.

#43 Dada Mapokezi
Bima ya moto kwa kawaida inataja na radi, lakini someni vizuri, ofisi yetu waliambiwa radi iwe imepiga jengo lenyewe na ioneshe alama, volti za kwenye waya wakasema hizo ni za bima ya vifaa vya elektroniki ambayo hatukuwa nayo. Bosi wetu alitaka kwenda kuchoma bati kidogo kwa kiberiti.

#44 Kiberiti
Msinihusishe.

#45 Mjukuu wa Ufipa
Hahaha leo na wewe umepata yako.

#46 Omogusii
Mleta uzi kama unahamia faiba usisahau ile keboo ya kuning'inia nguzoni ina waya wa chuma pembeni wa kuibeba. Watu wanasema faiba ni kioo haipitishi, sawa, lakini ule waya wa chuma unapitisha mpaka ukutani kwako. Ukatwe nje kabla haujaingia ama ufungwe kwa ethi. Kwa geti sisi tuliweka faiba isiyo na chuma na media konvata (ya kugeuza mwanga wa faiba kuwa netiwaki ya waya) kila upande, tangu hapo kamera imekufa lakini swichi haijakufa.

#47 Kamachumu Boy
Wakuu nimerudi, wiki saba zimepita. Niwape mrejesho maana naona watu wananiuliza inboksi.

Tumechimba rodi mbili, zimefungwa pamoja, umeme na fremu ya Krone na dishi vyote sehemu moja. Mkaa niliweka, chumvi sikuweka, ili nisimuudhi mtu. Gesi tyubu za miguu mitatu kwenye laini zote za nje. Kikinga kwenye boksi, nilimsimamia fundi na rula, akaniuliza kama nimesomea. Waya wa getini tumeukata kabisa, mlinzi kapewa simu ya mkononi ya vocha na juu ya waya wa ethi tumemwaga zege, atakayeutaka aje na nyundo. PABX tulitengeneza bodi, bosi kalipa, mshahara umebaki.

Jumapili alfajiri ikapiga. Mlinzi anasema ilipiga mparachichi, na kweli umechanika gome kutoka juu mpaka chini. Jumatatu nikaenda moyo uko mkononi. Laini za nje zote hai. Ruta hai. Faksi hai. Ekstensheni zote zina toni isipokuwa moja, 105.

#48 Binti Kipimo
105 iko wapi?

#49 Kamachumu Boy
Stoo. Chumba cha katikati, ukuta kwa ukuta na PABX, waya wake hauzidi mita nane, hautoki nje popote. Ile iliyokuwa inatoka ni 108.

#50 Fundi Volti
Jahazi limezama na kuku ndani.

#51 Binti Kipimo
Kufa imekufa pot au simu? Badilisha simu kwanza.

#52 Kamachumu Boy
Nimebadilisha simu tatu. Pot.

#53 Mzee wa Krone
Huo waya wa stoo unapita wapi darini? Kama umelala sambamba na waya wa dishi au umegusa bati, mwili wa nyumba ulipopitisha ule moto wa mparachichi umeokota njiani. Niliona hivyo kituo kimoja, waya mfupi kuliko wote ndio uliokufa, tukaja kukuta umelala juu ya chuma cha kuteremshia radi.

#54 Nyakahanga
Au ile bodi iliyotengenezwa, pot hiyo ilishadhoofika Alhamisi ile ikawa inasubiri tu. Zilikufa nne, hujui ya tano iliumia kiasi gani.

#55 Fundi Volti
Au panya. Stoo kuna panya.

#56 Binti Kipimo
Nyakahanga anaweza kuwa sahihi, mzee pia. Bila kuona dari siwezi kusema. Kamachumu Boy panda utupigie picha waya unavyopita.

#57 Kamachumu Boy
Darini kuna popo wakuu. Wengi. Nimefungua kile kimlango nikasikia wanavyolia nikakifunga. Namtafuta mtu wa kupanda, mlinzi amekataa.

#58 Kiberiti
Stoo anakaa nani?

#59 Kamachumu Boy
Yule aliyepandishwa cheo mwezi uliopita.

#60 Kiberiti
Mjukuu wa Ufipa njoo huku.